Ustadi au msoto? Maswali ya wasomaji kuhusu gemu za mtandaoni

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: katika gemu za kuigiza wahusika mtandaoni, anayeshinda ni anayejua kucheza (ustadi) au ni aliyekaa kitini muda mrefu kuliko wenzake akirudiarudia kazi ileile (msoto)? Tumechagua zile zinazoweza kujibiwa kwa namba. Ubishi huu ukiachwa kwenye maneno matupu hauishi, lakini ukiweka hesabu mezani mambo mengi yanajionyesha yenyewe.

SWALI: Nataka kuanza gemu mpya, ila sitaki nimalize miezi sita ndipo nigundue kwamba kila pambano linaamuliwa na vifaa, yaani silaha na mavazi ya mhusika. Nitajuaje mapema?

JIBU: Usitegemee matangazo, maana kila mtengenezaji husema gemu yake ni ya ustadi. Tafuta wahusika wawili: mmoja ndiyo kwanza amefika levo ya mwisho, mwingine ni mkongwe mwenye vifaa bora kabisa. Linganisha uhai wao na ukubwa wa pigo lao, kisha piga hesabu.

Tuseme mgeni ana uhai 1,000 na kila pigo lake linakata 100. Mkongwe ana ziada ya asilimia 20 kotekote, yaani uhai 1,200 na pigo la 120. Mgeni anahitaji mapigo 12 kumwangusha mkongwe, na mkongwe anahitaji 9 tu. Kama wote wanapiga kwa kasi ileile, mgeni lazima akwepe angalau mapigo 4 kati ya 12. Ni kazi ngumu, lakini mchezaji mzuri anaiweza.

Sasa ongeza pengo. Mkongwe awe na mara mbili: uhai 2,000, pigo 200. Mgeni anahitaji mapigo 20, mkongwe matano. Ili mgeni ashinde, akubali kupigwa mara 4 tu kati ya 20. Hapo hakuna ustadi unaosaidia, labda mkongwe awe amelala. Angalia kilichotokea: kifaa kinaongeza pigo na uhai kwa wakati mmoja, na viwili hivyo vinazidishana. Tangazo linalosema «vifaa vinaongeza asilimia 20 tu» linaficha kwamba pengo halisi ni 1.2 mara 1.2, yaani asilimia 44.

Pengo likiwa asilimia 5, mgeni anahitaji mapigo 11 na mkongwe 10. Kukwepa mara 2 kunatosha. Hiyo ndiyo gemu unayoitafuta.

Kuna gemu zilizojengwa makusudi kuziba pengo hilo. Guild Wars ya 2005 iliweka ukomo wa levo 20, na kila mhusika alibeba mbinu 8 tu pambanoni. Ushindani ukawa kwenye kuchagua mbinu zipi na kuzitumia lini. Guild Wars 2 ya 2012 ina viwanja vya mashindano ambamo kila anayeingia hupandishwa hadi levo 80 na kupewa nguvu zilizosawazishwa, hata kama huko nje ndiyo kwanza ameanza. Upande wa pili simamisha RuneScape. Kufikisha ujuzi mmoja levo 99 kunataka pointi za uzoefu 13,034,431, na ukifika levo 92 unakuwa umevuka nusu ya njia tu, kwa pointi 6,517,253. Ukikusanya pointi 50,000 kwa saa, levo hizo saba za mwisho zitakula kama saa 130, sawa na zote zilizotangulia. Anayezifuata kwa sababu anapenda heshima ya 99 ana haki yake. Anayezifuata akidhani ndizo zitakazomfanya ashinde mapambano anajidanganya, kwa sababu nguvu inayoongezeka kati ya 92 na 99 ni ndogo.

SWALI: EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, ipo tangu 2003 na mafunzo ya ujuzi yanaenda kwa saa za ukutani, uwe umeingia au hujaingia. Mimi nimeanza juzi. Si ina maana sitawafikia wakongwe daima?

JIBU: Kwa jumla ya pointi hutawafikia. Kwa chombo kimoja na kazi moja, utawafikia mapema kuliko unavyofikiri, na sababu iko kwenye jedwali la pointi lenyewe.

Chukua ujuzi mwepesi kabisa, wenye kizidishi cha 1 (namba inayozidishwa na pointi zinazotakiwa). Levo ya kwanza inataka pointi 250, ya pili 1,414, ya tatu 8,000, ya nne 45,255, ya tano 256,000. Sasa angalia unachopata: ujuzi mwingi hutoa nyongeza inayolingana kwa kila levo, mathalani asilimia 5 kila hatua. Kwa hiyo levo ya nne inakupa asilimia 80 ya faida yote kwa chini ya asilimia 18 ya pointi. Kwa mwendo wa pointi 30 kwa dakika, utafika levo ya nne ndani ya kama saa 25, kisha hatua moja ya kutoka nne hadi tano itakula karibu siku 5. Mkongwe amekesha siku hizo tano kwa ajili ya asilimia 5 za mwisho.

Tena chombo kinatumia ujuzi wake tu. Mkongwe mwenye pointi milioni 100 akipanda chombo kidogo cha kushambulia, ule ujuzi wake wa uchimbaji madini na wa meli kubwa hauongezi chochote. Chagua chombo kimoja kidogo, peleka ujuzi wake wote muhimu levo ya nne, kisha simama. Isipokuwa pale ambapo levo ya tano ni ufunguo: vyombo vya daraja la pili kwa kawaida havifunguki mpaka ujuzi wa chombo cha msingi ufike tano. Hiyo lipia, maana haununui asilimia, unanunua mlango.

Wageni wengi hupotea kwa mambo mawili. Kwanza hutawanya mafunzo: kidogo huku, kidogo kule, mwisho hawana chombo hata kimoja wanachokimudu. Pili hurukia meli kubwa mara tu mfumo unapowaruhusu kuipanda, ilhali ujuzi wa silaha na wa kinga uko levo ya pili au ya tatu. Meli inakuwa ghali na dhaifu kwa pamoja. Kazi nzuri ya mwezi wa kwanza ni ya kunasa: chombo cha bei ndogo chenye kifaa cha kumzuia adui asiruke kutoroka. Ukimshikilia nahodha aliyecheza miaka kumi kwa nusu dakika hadi wenzako wafike, wingi wa pointi zake hautamwokoa.

Tangu Februari 2016 pointi zinaweza pia kuuzwa na kununuliwa ndani ya gemu, kwa kitu kiitwacho sindano, chenye pointi 500,000. Mwenye pointi chini ya milioni 5 huipata yote. Aliyevuka milioni 80 hupata 150,000 tu. Mfumo umempendelea mgeni, lakini pointi za kununua haziji na mazoezi.

SWALI: Kwenye Old School RuneScape levo zangu za upigaji mishale zimepita 80, nafika wimbi la 63 la maadui katika mapango ya Fight Caves, halafu bosi (adui mkuu) wa hapo, TzTok-Jad, ananimaliza kwa sekunde chache. Niongeze levo ngapi?

JIBU: Usiongeze hata moja. Umefika mahali ambapo gemu ya msoto inakutahini ustadi, na ndiyo maana tunampenda Jad. Pigo lake kubwa zaidi ni 97. Karibu wachezaji wote wanaofika pale wana uhai usiozidi huo au unaouzidi kidogo sana, kwa hiyo kosa moja linatosha.

Dawa ni sala mbili: ya kujikinga na uchawi, inayofunguka levo 37, na ya kujikinga na mishale, levo 40. Sala sahihi ikiwa imewaka kwa wakati, pigo linakuwa sifuri. Muda wote wa pambano kazi yako ya kwanza ni kutazama miguu ya mbele ya Jad. Akisimama kwa miguu ya nyuma na ile ya mbele ikaning'inia hewani, unakuja moto: washa sala ya uchawi. Akipigiza miguu ya mbele chini kwa kishindo, mawe yanakuja kukuangukia kutoka juu: washa sala ya mishale. Kaa mbali naye, kwa sababu ukimkaribia anaweza kukushambulia kwa mkono, na hilo halina dalili ya kukupa nafasi.

Anashambulia kila baada ya sekunde 4.8. Gemu hii inahesabu mambo kwa mapigo ya saa ya sekunde 0.6, hivyo ni mapigo 8 ya saa kati ya shambulio na shambulio. Muda huo ni mrefu kuliko unavyoonekana ukiwa umebanwa na hofu. Utaratibu ni huu: dalili, sala, halafu ndipo ule au unywe, halafu umpige, kisha macho yarudi miguuni. Wanaokufa wengi hugeuza mpangilio. Wanaona uhai umeshuka, wanakimbilia chakula kwanza, na dalili inapita macho yakiwa kwenye mkoba.

Makosa mengine mawili yanajirudia. La kwanza ni kubonyeza sala ambayo tayari imewaka, hapo unaizima. Kama dalili ni ileile ya mara iliyopita, usiguse kitu. La pili ni kusubiri uone moto ukiruka ndipo ubadilishe. Ule moto ni picha ya jambo ambalo linakaribia kuamuliwa au limeshaamuliwa, kwa hiyo fuata mwili wa Jad.

Uhai wake ukishuka chini ya nusu, watatokea waganga wanne, Yt-HurKot, waanze kumponya. Mpige kila mmoja pigo moja tu ili waache kumponya na waje kwako. Hapa ndipo watu hupoteza mdundo: wanawakimbiza waganga na kumsahau Jad. Piga mganga mmoja mara tu baada ya kubadilisha sala, rudisha macho, subiri dalili nyingine, piga wa pili. Hata wakichukua mizunguko minne, ni afadhali aponywe kidogo kuliko wewe kurudi wimbi la kwanza.

Dawa ya sala kwa kila dozi hurudisha pointi 7 pamoja na robo ya levo yako ya Sala. Mwenye levo 43 hupata 17. Kunywa ukiwa bado na 15 au 20. Sala ikifika sifuri, kinga inazimika yenyewe.

SWALI: Pingi yangu, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ni milisekunde 250 na haishuki. Je, niachane na gemu za ustadi nibaki na za msoto?

JIBU: Hapana, ila chagua aina ya ustadi. Tuseme bosi anajiandaa kwa sekunde 0.8 kabla ya kupiga. Milisekunde 250 zinaliwa na safari ya kwenda na kurudi, na binadamu wengi wanahitaji sekunde 0.2 hadi 0.25 kuona na kubonyeza. Umebaki na 0.3, zinatosha. Maandalizi yakiwa sekunde 0.5, umebaki na sifuri, na hata ujitahidi vipi utapigwa ukisubiri kuona. Katika mapambano ya namna hiyo lazima ukariri mfuatano wa bosi na ubonyeze kabla ya dalili.

Kuna gemu zinazokupa nafasi zaidi. Final Fantasy XIV ina mzunguko wa msingi wa sekunde 2.5 kati ya mbinu na mbinu, na unaweza kubonyeza ijayo kabla mzunguko haujaisha, ikasubiri zamu yake. Eneo la hatari huchorwa chini kwa rangi ya machungwa. Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba kupigwa au kutopigwa huamuliwa mstari wa maandalizi unapojaa, alama inapofutika. Mlipuko unaouona baadaye ni mchoro tu. Kwa hiyo mwenye pingi kubwa atoke mapema kidogo, na alama ikishafutika anaweza kurudi ndani hata moto ukiwa bado unawaka kwenye skrini.

Katika Guild Wars 2 kukwepa kunagharimu nguvu 50 kati ya 100, na nguvu hurudi 5 kwa sekunde. Ukikwepa mara mbili mfululizo kwa hofu, unasubiri sekunde 10 kabla ya kupata nyingine. Wengi wanaolalamikia pingi kwenye gemu hiyo tatizo lao hasa ni kukwepa mapigo madogo na kukosa nguvu linapokuja lile kubwa la kuua.

Na kabla ya yote, chagua seva iliyo karibu, tumia waya badala ya Wi-Fi, na simamisha upakuaji mwingine. Pingi ya 250 isiyoyumba inazoeleka. Inayoruka kutoka 90 hadi 400 haizoeleki.

SWALI: Kifaa ninachokitaka kinadondoshwa mara 1 kwa 128. Nimeua mara 200, sijakipata. Mfumo umeharibika?

JIBU: Haujaharibika. Mara 1 kwa 128 si ahadi kwamba utakipata kufikia la 128. Ukifika hapo, uwezekano wa kuwa umeshakipata ni asilimia 63 tu. Nusu ya wachezaji hukipata kufikia kuua kwa 89, tisa kati ya kumi kufikia 294, na asilimia 95 kufikia 382. Kwa mara 200, mtu mmoja kati ya watano bado yuko mikono mitupu kama wewe. Yale 200 hayakusogezi karibu, isipokuwa gemu iwe na mfumo unaohesabu mikosi na kukuongezea bahati. Tafuta hilo kwenye maelezo yake kabla hujaanza. Panga muda wako kwa namba ya 294. Ukiona saa hizo hutaki kuzitoa, usianze.

SWALI: Nina saa mbili tu kwa siku. Rafiki yangu anatumia programu inayombonyezea vitufe usiku kucha, na ananishauri ama nifanye hivyo ama ninunue dhahabu ya gemu kwa pesa halisi. Kuna ubaya gani?

JIBU: Akaunti itafungwa, kwanza. Programu ya kubonyeza inafanya mambo kwa vipindi visivyobadilika na haichoki, na hilo linaonekana kwenye kumbukumbu za seva. Dhahabu ya magendo mara nyingi inatoka kwa programu hizohizo au kwenye akaunti zilizoibwa, na mnunuzi hubebwa pamoja na muuzaji.

Ubaya mkubwa ni kwa wengine. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, RuneScape ilibana biashara huru kati ya wachezaji ili kuwakata wauza dhahabu. Wachezaji waaminifu wakajikuta hawawezi hata kumpa rafiki zawadi ya maana. Biashara huru ilirudi Februari 2011, baada ya wachezaji kupiga kura. Zile zilikuwa miaka mitatu ya watu wote kulipia ujanja wa wachache, na tunaomba usichangie kurudisha hali ile.

Mwenye saa mbili atumie kile gemu inachompa asiyekuwepo. World of Warcraft tangu 2004 ina pumziko: ukitoka kwenye gemu ukiwa ndani ya nyumba ya wageni au mjini, kila saa 8 unajiwekea asilimia 5 ya levo, hadi kufikia levo moja na nusu baada ya siku 10. Pointi za kuua zinakuwa maradufu hadi akiba iishe. Ukitoka ukiwa porini, akiba hiyo hukua kwa robo ya kasi. Akiba haihusu pointi za kukabidhi kazi ulizopewa na gemu, kwa hiyo ukiwa nayo, ua zaidi. Ikiisha, kabidhi kazi ulizolimbikiza.

Na hata msoto una ustadi wake. Pima mahali unapowinda kwa dakika 30 kamili, ukihesabu safari, kufa na kurudi kuuza. Mara nyingi adui mwenye pointi chache anayekufa haraka hushinda yule mkubwa anayekulazimisha upumzike kila baada ya pambano.

SWALI: Naongoza chama kidogo. Nafasi imebaki moja ya mshambuliaji: kuna mwenye vifaa vizuri anayekufakufa, na mwenye vifaa vya kawaida asiyekosea. Nimchukue nani?

JIBU: Anza na bosi. Kama ana uhai 24,000,000 na anawafyeka wote baada ya dakika 8, mnahitaji jumla ya 50,000 kwa sekunde. Mkiwa na washambuliaji watano, kila mmoja atoe wastani wa 10,000. Mwenye vifaa anatoa 11,500 lakini anakufa dakika ya tatu: mchango wake ni 2,070,000. Wa pili anatoa 9,800 kwa dakika zote nane: 4,704,000. Anakosa 200 kwa sekunde kufikia lengo, na hizo wenzake wanne wanazifidia kwa 50 kila mmoja.

Kwenye mapambano ya Final Fantasy XIV ya daraja la Ultimate, yaliyoanza Oktoba 2017, swali lako hata halitokei kwa namna hiyo, kwa kuwa vifaa vilivyozidi kiwango hushushwa nguvu mlangoni.

Usimfukuze yule wa kwanza, ana nguvu mnazozihitaji. Fungua kumbukumbu ya pambano, andika kila kifo chake: dakika gani, pigo gani, alikuwa amesimama wapi. Vifo vikitokana na pigo moja linalojirudia, mkae naye mlifanyie mazoezi hilo peke yake, mkianza upya kila mkivuka. Vikiwa vimetawanyika, kila kimoja na sababu yake, mara nyingi anatazama vitufe vyake badala ya uwanja. Mwambie apunguze kasi ya kushambulia kwa mapambano mawili matatu, ahesabiwe kwa kubaki hai tu, kisha mpime tena namba zake.